Fyuzi za Siku ya Gulio

Mimi ni fundi umeme wa magari, na nina kasoro moja ambayo mke wangu huitaja kila akipata nafasi: sipendi kushindwa na kitu kisicho na akili. Mtu akinishinda kwa hoja nitanuna siku mbili, kisha nitamkubali. Lakini waya hauna ujanja, wala hauna sababu ya kunionea. Ndiyo maana miezi minne ile pikapu ya baba mkwe ilipokuwa ikiunguza fyuzi za taa za nyuma nilikonda, na kila mteja aliyefika kwenye gereji yangu pale Lushoto alinikuta nimenuna.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo, ukitaka balbu ya gari ulipaswa kumjua mtu, na mtu huyo amjue mwingine. Halafu ghafla maduka yakajaa. Betri zilikuwepo, mikanda ilikuwepo, redio za kaseti zilikuwepo, na magari yenyewe yaliyokwisha kutumika huko yalikotoka yakawa yanashushwa Dar es Salaam na maandishi ya Kijapani bado yako mlangoni. Baba mkwe, mkulima wa viazi na kabichi upande wa juu wa Lukozi, alikuwa wa kwanza kijijini kwao kuleta pikapu. Kabla hajapanda nayo milimani aliipeleka kwa seremala huko huko Dar, akaifungia bodi la mbao, refu kuliko lile la chuma lililokuja nalo, ili libebe matenga mengi ya mboga.

Aliyelifurahia gari lile kuliko wote alikuwa mama mkwe. Miaka thelathini alikuwa ameshuka na kupanda milima ile na mzigo kichwani, mgongoni mtoto, na magoti yake yalikuwa yameanza kugoma. Gari lilipokuja alipewa kiti cha mbele, upande wa kushoto, kila siku ya gulio. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mwili wa kuheshimika, na alipokaa pale na kanga zake mbili safi, pochi mapajani, dirisha zima lilikuwa lake. Mke wangu alinisimulia kwamba siku ya kwanza mama yake hakuuza sana, kwa sababu alishinda akiwaeleza wenzake jinsi mashamba yanavyopita mbio wakati wewe umetulia tu.

Mwezi wa pili taa zikaanza visa. Wanaoijua barabara ile wanajua ukungu wake. Asubuhi unaweza kuendesha umewasha taa zote na bado ukamsikia ng'ombe kabla hujamwona. Sasa ilikuwa hivi: baba mkwe akiondoka nyumbani taa zote zinawaka, akifika gulioni za nyuma zimezimika. Za mbele zilikuwa na fyuzi yake, hazikuguswa. Kwa hiyo dereva mwenyewe hakuwa na habari. Aliona njia mbele yake, akadhani naye anaonekana.

Siku moja lori la mbao likatokea nyuma yake kwenye kona, ndani ya ukungu. Dereva wake aliiona pikapu dakika ya mwisho kabisa. Lilisimama karibu kiasi kwamba yule dereva, aliposhuka, alijishikiza kwenye tenga la karoti la baba mkwe ili asianguke. Baba mkwe alinieleza hayo akiwa amekaa kwenye benchi langu, kiganjani ana fyuzi ya kioo iliyoungua, nyeusi ndani kama chimni ya kandili. Hakunilaumu. Alisema tu, tazama tena, mkwe. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Nilitazama tena. Nilifanya kila kitu ambacho fundi hufanya. Nilibadilisha balbu za nyuma na soketi zake, nikafungua kila kiungo chini ya bodi na kukifunga upya kwa tepu. Nililimwagia gari maji kwa ndoo, maana matenga ya mboga hunyunyiziwa maji yasinyauke, na nilidhani maji ndiyo mchawi. Nikaweka fyuzi mpya, nikawasha taa, nikaziacha zinawaka mchana kutwa. Hakuna kilichokatika. Nikamwambia, baba, nenda, limepona. Siku ya gulio fyuzi ikaungua.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana ulikuwa wangu na ulikuwa wa watu wote wa kwetu waliolelewa vizuri.

Kwanza, baba mkwe hakuwahi kuniletea gari likiwa na mzigo. Kwao hupeleki gari chafu kwa mkwe wako. Alishusha mzigo wote, akaliosha mtoni mpaka magurudumu, akaja nalo peke yake. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikimpima mgonjwa aliyevaa kanzu ya Idi.

Pili ni habari ya kiti. Nilikuwa nimemwoa binti yao miaka saba, na katika miaka hiyo mama mkwe na mimi hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Nikimkuta njiani nilitoka njiani, nikainamisha macho, nikasema shikamoo. Naye aliitikia marahaba akiwa ametazama migomba. Akiwa na neno kwangu alilituma kwa binti yake, hata nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Asidhani mtu kwamba tulichukiana. Nilimpenda mama yule, na njegere alizoniletea kila msimu zilinionyesha kwamba naye ananipenda. Ndivyo heshima ilivyokaa baina ya mkwe na mkwe, na alipokaa yeye mimi sikukaa.

Kwa hiyo kile kiti cha kushoto nilikitandikia gunia safi kila gari lilipoingia kwangu, na sikukigusa. Sikuweka hata bisibisi. Kazi yote niliifanya kupitia mlango wa dereva, maana kisanduku cha fyuzi kiko upande huo, na kwingine nilifanyia chini ya bodi. Mke wangu aliponiuliza kama nimekagua kila mahali nilisema ndiyo, na niliamini ninasema kweli.

Mwezi wa tatu baba mkwe alichoka kununua fyuzi. Nikafungua kisanduku nikakuta amezungushia ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, na waya wa nyuma yake umeanza kulainika na kunuka. Damu ilinichemka. Mteja mwingine ningemtolea maneno ambayo angeyasimulia kwa wajukuu. Lakini yule alikuwa mkwe wangu, na mkwe hafokewi, basi nikaligeukia gari. Nikaliambia kwa sauti kwamba fyuzi ikikatika inakulilia, inakwambia kuna mahali panauma, na anayeiziba mdomo kwa karatasi anataka kulichoma gari na mboga na watu waliomo. Baba mkwe alikohoa, akatoka nje kutazama hali ya hewa. Karatasi sikuiona tena.

Wakati huo huo maneno yalikuwa yameanza huko juu, nami sikujua. Baba mkwe alikuwa na dada yake, shangazi wa mke wangu, mwanamke mwenye jicho kali na kumbukumbu ya kila jambo lisilomhusu. Aliliona jambo ambalo mimi fundi sikuliona. Aliona kwamba kaka yake akiendesha peke yake fyuzi hazikatiki. Akienda kuchukua mbolea hazikatiki, akileta gari kwangu hazikatiki. Zinakatika siku wifi yake amepanda. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Jibu alilolipata ndilo lililokuwa baya: alisema wifi ana mkosi, na gari limemkataa.

Baba mkwe alimnyamazisha mara ya kwanza. Hata mara ya pili alimnyamazisha. Kisha ikaja asubuhi nyingine ya ukungu, basi la abiria likaipita pikapu kwa kusugua kioo cha pembeni, na fyuzi ilipotazamwa ilikuwa nyeusi. Gulio lililofuata, mbele ya majirani na akina mama waliokuwa wamekuja kupakia mboga zao, alimtazama mke wake ambaye alikuwa ameshakaa na kufunga mlango, akamwambia, "Shuka. Gari halikutaki."

Alishuka. Alishusha tenga lake la kabichi, akaweka kata kichwani, akajitwika, akaenda gulioni kwa miguu.

Mke wangu alizipata habari jioni yake. Alikuja gerejini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama katikati ya matairi na kuniambia maneno mawili. "Mama ametembea."

Nilidhani atalia, hakulia. Alinieleza yote kwa utulivu, pamoja na neno la mkosi ambalo sasa lilikuwa limefika hadi kisimani. Akasema akina mama wengine wameanza kuondoa matenga yao pale yalipo matenga ya mama yake. Hilo ndilo lililokuwa limebaki mikononi mwangu, na halikuwa tena jambo la balbu. Mwanamke aliyefanya kazi maisha yake yote alikuwa amenyang'anywa kiti kimoja na jina lake zuri, na sababu ni kwamba mimi sikuiona shoti mahali ilipojificha. Niliona aibu ambayo sikuwa nimeipata tangu nijifunze kazi.

Siku ya gulio iliyofuata nilipanda kwao asubuhi na mapema, sikualikwa. Mke wangu alikuja nami. Nilikuwa na balbu kubwa ya taa ya mbele niliyoiunga waya mbili. Ni njia ya kale ya mafundi, nami nilijilaumu kwa kutoitumia mapema kwa kiburi. Unaitoa fyuzi, unaiweka balbu mahali pake. Umeme ukienda salama, balbu inafifia tu kama mshumaa. Ukipata njia ya mkato, balbu inawaka kwa nguvu zote na taa za gari zinazimika. Haiungui, haikatiki, inakuonyesha tu kosa linatokea wakati gani.

Niliining'iniza nje ya dirisha la dereva ili kila mtu aione, nikawasha taa. Ikafifia. Nikaomba wapakie matenga yote. Ikabaki vilevile. Vijana wakapanda juu ya mzigo wakalitikisa bodi, nikalisukuma gari mbele na nyuma juu ya mawe. Bado. Baba mkwe mwenyewe, mtu mwembamba kama fito, akaenda akakaa kiti cha kushoto. Balbu haikushtuka. Shangazi alikuwa amesimama na mikono kifuani, na sikupenda alivyokuwa ametulia.

Mama mkwe alikuwa mlangoni kwa jiko, kata tayari kichwani. Nikamwambia mke wangu amwombe mama yake aje akae kwenye kiti chake. Walinong'ona kwa muda. Alikuja taratibu, mimi nikasogea upande wa dereva na kukaza macho kwenye balbu, nisimtazame akipanda. Nilisikia springi za kiti zikilia.

Balbu ikawaka, nyeupe, kali, kiasi kwamba kuku waliokuwa karibu walikimbia. Aliyekuwa nyuma ya gari akapaza sauti kwamba taa nyekundu zimezimika.

Watu wakaguna. Shangazi akasema, "Si nilisema?" na mama mkwe akaanza kushuka, na alipoinuka tu balbu ikafifia. Hapo nikamtazama, adabu nikaiweka kando. Alikuwa akishuka kinyumenyume, akikiangalia kiti kama kitu kilichomuuma. Alikuwa ameamini. Watu wote walikuwa wamemwambia ana mkosi na sasa fundi, mkwe wake mwenyewe, amekuja kuuwasha mkosi wake kwa taa.

Nililifuata gunia la viazi lililojazwa nusu, nikalibeba, nikazunguka upande wa kushoto, nikaliweka kwenye kiti kile. Balbu ikawaka vilevile.

"Shangazi, samahani," nikasema. "Na hivi viazi navyo vina mkosi?"

Mama mmoja mwenye karoti akacheka, na wengine wakamfuata. Shangazi akakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Mama mkwe hakucheka. Aliliangalia lile gunia, akajifunika kanga vizuri, na akasema nami. Hakumtuma binti yake, ingawa alikuwa ubavuni pake.

"Mkwe, hapo chini huwa pana moto. Nimesikia joto na harufu ya kuungua tangu mwezi ule fyuzi zilipoanza."

Sikujua niweke wapi macho. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani?" akasema. "Fundi ni wewe."

Sina hakika kama msomaji asiyetoka kwetu atalipima neno hilo uzito wake. Angesemaje kwa mkwe wake kwamba anasikia joto chini ya mapaja? Na kumwambia mumewe asingethubutu, kama alivyomweleza binti yake baadaye, kwa sababu aliogopa jibu litakuwa kwamba kiti hakimwezi, na utani wa mwili wake ulikuwa umeshamchosha. Kwa hiyo alinyamaza kwa heshima yangu, mimi nikakwepa kiti kwa heshima yake, na katikati ya heshima hizo mbili waya ukawa unaungua polepole.

Nikakiinua kiti. Ilikuwa pale, wala haikuwa imejificha. Seremala wa Dar alipofunga bodi refu aliona waya wa taa za nyuma haufiki, akaunga mwingine, akaupitisha ndani, chini ya kiti cha kushoto, juu ya bati tupu. Springi moja ya kiti ilikuwa imekatika na ncha yake imeitafuna ngozi ya waya mpaka shaba ikawa inang'aa. Mtu mwepesi akikaa ncha haifiki. Mtu mwenye mwili wake akikaa, na miezi ile ya mwanzo ilikuwa mpaka gari lipige shimo kwanza, ncha inaukandamiza waya kwenye bati na umeme unapita njia ya mkato. Niliuhamisha waya pembeni kwenye kizingiti cha mlango, nikauvisha mpira wa kumwagilia maji, nikaifunga springi, nikarudisha fyuzi halali. Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Nikalirudisha gunia kitini, nikarukaruka mimi mwenyewe juu yake kama mwendawazimu, na taa nyekundu hazikupepesa.

Watu wakapiga makofi. Baba mkwe, uso umemkunjuka, akaingia akawasha injini. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni na muda ulikuwa umekwenda. Akauinamia mlango wa kushoto, akausukuma ukafunguka.

"Haya, mama, panda. Limepona."

Mama mkwe hakusogea. Tenga lake lilikuwa miguuni pake.

"Gari limepona," akasema. "Mimi bado."

Nilimwona baba mkwe akitafuta mahali pa kutazama. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, mwenye gari, na wale akina mama waliosikia siku ile akisema shuka walikuwa wote pale, wameshika ncha za kanga zao. Hakuna aliyeondoka. Angeweza kulifanya kuwa jambo la nyumbani, la kwenda kuzungumzwa baadaye. Wanaume wengi ningewataja wangefanya hivyo, na mimi labda ni mmoja wao.

Alizima injini. Akashuka, akazunguka gari, akasimama mbele ya mke wake, lakini akaongea akiwageukia watu.

"Nilisema gari halimtaki. Nilisema mbele yenu, na nyinyi mkayabeba. Haikuwa kweli. Ulikuwa waya, na mimi sikumuuliza mke wangu hata neno moja." Kisha akamgeukia, sauti ikashuka. "Nisamehe."

Akainama, akalichukua lile tenga la kabichi mwenyewe, akalipakia juu ya mengine na kulifunga kamba. Nikaona siwezi kubaki nimesimama pale na bisibisi mkononi kana kwamba mimi nilikuwa upande wa haki tangu mwanzo. Nikamwambia kwamba na mimi nina langu, kwamba miezi minne nimepima kila kitu isipokuwa mahali alipokaa yeye, nikajisifu kwa adabu wakati yeye anatembea.

Alinitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza, na sikuyakwepa macho yake.

"Nimesikia," akasema. Akaivua kata kichwani, akampa binti yake. Akapanda, akajiweka sawa, akaachia uzito wake wote kwenye kiti kile bila woga. "Sasa mnasubiri nini? Mboga zinanyauka."